Sifa za Athi Mbovu

Marehemu husifiwa na kila mtu. Mimi naisifu athi mbovu ya taa za mbele za gari langu, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri, ingali hai, tena hai kuliko betri yangu.

Fadhila zake ndogo nizipitie haraka. Ina adabu: taa ya kushoto haimmuliki mtu usoni. Ina ucheshi: nikiwasha indiketa, taa ndogo nayo inakonyeza, maana umeme uliokosa njia ya kurudi kwenye betri unajipitisha kwa balbu ya jirani. Inafundisha dua, hasa usiku ndani ya Mikumi, barabara kuu inapokatiza hifadhini na nyati hatoi taarifa.

Lakini fadhila kuu ni ukarimu. Hapa mtaani kwetu Mafiga, athi mbovu moja imelisha kaya kadhaa. Muuza spea amekula kwa balbu mpya, kisha ya pili, kwa kuwa ya kwanza eti ilikuwa feki. Wa rilei amekula. Aliyesema betri imechoka amekula, na aliyesema betri nzima, tatizo altaneta, amekula na kushushia soda. Kijana aliyetumwa fyuzi hakurudisha chenji. Mwekezaji wa namna hii anastahili msamaha wa kodi, na kiwanja juu.

Na inajua kutunza siri. Fundi anachomeka testa kwenye soketi ya taa, inawaka, anatangaza: “Umeme upo, bosi!” Upo kweli. Testa inakunywa umeme kiduchu, ambao hupenya hata kwenye kutu. Balbu ya wati 55 inataka karibu ampea 5. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu kinaipokonya karibu volti 2. Na volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30.

Sasa waya zangu je? Nani alimtuma mtu akate nyaya za kiwandani, azimenye kwa meno na kuzifunga tepu nyeusi, kabla hajaigusa boliti ya athi iliyo wazi kabisa nyuma ya taa, imeota ukijani? Msasa upo mfukoni mwake! Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye athi ya taa. Ikisoma volti moja nzima, unatafuta nini tena kwenye altaneta?

Nilimuuliza fundi mmoja kwa nini hapimi. Akajibu bila kuinua kichwa: wateja hamlipi kupima. Mnalipa kitu kilichotoka kwenye boksi. Akihangaika saa nzima akakuta boliti ya kusugua, mnampa hela ya maji na kunung’unika, “Si umesugua tu?” Basi anawauzia balbu.

Hapo sikuwa na jibu, na sijalipata. Ukimpata fundi mwenye mita, patana naye bei ya kupima kabla hajafungua boneti, na umlipe hata akikuta ni kutu.