Wenyeji Watano wa Visiwani, Kuanzia Mdadisi Hadi Muungwana

Tweka tanga, twende. Fukwe na hoteli wamezipanga wengine. Sisi tunawapanga wanyama wanaotupokea tukitia nanga kati ya Pemba, Unguja na Lamu. Ukitaka kubisha, bisha huku umeshika demani, chombo kisipoteze upepo.

5. Tumbili wa Misali

Misali iko magharibi ya Pemba. Miguu haijakauka, na ndizi zako zimeshajadiliwa juu ya mti. Ni wachangamfu, hilo siwanyimi, ila mwenyeji anayekagua kikapu kabla ya salamu, nafasi ya tano inamtosha. Usiwarushie chakula. Tumbili akizoea mkono wa mtu huja kuitwa mwizi, na aliyemfundisha keshaondoka na mashua.

4. Kaa mla nazi wa Chumbe

Mchana amejificha. Usiku anatoka na magando yenye nguvu ya kupasua nazi, kilo hadi nne za kaa, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu. Msalimie kwa mdomo tu! Visiwa vingi vimemla mpaka akaadimika. Kisiwani Chumbe anapita mbele yako bila haraka kwa kuwa hakuna wa kumtia chunguni.

3. Kima punju wa Jozani

Wapemba watanuna, lakini huyu kwao ni Unguja. Anakula majani ya mkungu na mwembe yenye kemikali za kusumbua tumbo, kisha anatafuta kipande cha mkaa na kukitafuna, mkaa ukanyonya sumu. Chakula na dawa kwa mkupuo mmoja, daktari wa nini? Mpe nafasi yake, hatua chache, naye ataendelea kula mbele yako bila wasiwasi. Dereva unayepita msitu wa Jozani, matuta yale ya barabarani yamewekwa kwa ajili yake. Punguza mwendo.

2. Punda wa Lamu

Ngoja kusi, ndilo litakalokusukuma hadi Lamu. Katika vichochoro vya mji wa kale, punda akija na mzigo wa mawe ya matumbawe, anayebana ukutani ni wewe. Yeye ana kazi, wewe unatembea. Akiwa amepumzika, msugue nyuma ya sikio: kichwa kitashuka chenyewe hadi kifuani kwako. Hapo hapo mtazame mgongo, pale matandiko yanapochubua. Tangu 1987 mji una kituo cha kuwatibu, na kwangu mimi hicho ni fahari ya Lamu sawa na milango yake ya nakshi.

1. Kobe wa Changuu

Hapa sikubali ubishi. Wazee wao wanne walikuja kisiwani hapa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko, na wajukuu hawajapoteza adabu. Umri umeandikwa kwa rangi juu ya gamba, kwa hiyo hakuna wa kudanganya miaka yake. Usimkalie mgongoni, hata mtoto asimkalie. Chuchumaa, mkune shingo taratibu, kwenye ngozi ile yenye mikunjo. Miguu inanyooka, gamba linainuka kutoka ardhini, shingo inarefuka inchi baada ya inchi, macho yanafumba. Nahodha akiita kwamba maji yanakupwa, mwambie asubiri kidogo. Upande wa pili wa shingo bado.