YAH: Maombi ya Kuajiriwa kwa Wateja wa Serikali

Waheshimiwa wenye mamlaka ya kuchagua viwanja vya vyuo vya ufundi stadi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Awali ya yote, hongereni kwa macho. Mji una soko moja, barabara mbili za lami na gereji chini ya kila mwembe, lakini nyie kila mara mnafanikiwa kuona pori ambalo hata wenyeji hawakulijua. Ekari hamsini, kijiji kimetoa bure, wajumbe wamenyoosha mikono, kibao kimechomekwa: ENEO LA CHUO CHA UFUNDI. Kutoka hapo hadi kwa mtu wa kwanza mwenye cherehani mbovu, nauli ya bodaboda inazidi bei ya sahani ya wali maharage. Wakati huohuo stendi ya zamani katikati ya mji, ardhi ya halmashauri isiyo na wa kudai fidia, imekaa ikingoja jambo la heshima: fremu za maduka, kituo cha mafuta, au maegesho ya wanaokwenda kwenye hizo fremu. Hata Ubungo, Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, kilichoota pale ni kituo kikubwa cha biashara. Na sasa serikali imeamua kila wilaya iwe na chuo chake, uamuzi ambao hatuna ugomvi nao hata chembe, basi pori limepata soko nchi nzima.

Hoja yetu ni nyepesi. Fundi hufunzwa na watatu: mwalimu, kifaa na mteja. Mwalimu anaajiriwa, kifaa kinanunuliwa kwa zabuni, ila mteja hupatikana anakopita mwenyewe. Mafundi vyuma wa Gerezani na maseremala wa Keko walijibanza pale kwa sababu watu wanapita na malighafi ipo jirani, na kijana anayeshika patasi Keko anasahihishwa na wanunuzi kutwa nzima. Wala hatuombi jambo geni. Chuo cha ufundi kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1957, leo DIT, kipo kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed. Kariakoo unakwenda kwa miguu. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kipo jirani na viwanda vya Barabara ya Nyerere. Waliochagua viwanja hivyo hawakuwa malaika. Walikuwa hawajagundua pori tu.

Kwa kuwa mteja hafiki huko mlikokipeleka chuo, tunaomba serikali imwajiri. Utumishi watoe kibali cha nafasi za Afisa Mteja Daraja la Pili, mwenye cheti cha kidato cha nne na uzoefu wa miaka mitatu katika kulalamika. Saa mbili kamili asubuhi asaini daftari la mahudhurio, kisha aingie karakana ya ushonaji na kitambaa cha mita mbili, adai suti ya mita tatu. Aseme anaitaka kabla ya Idi, aje kuiulizia kesho yake, na ikiwa tayari adai suruali inambana, hali yeye ndiye aliyenenepa kwa posho. Saa nne ahamie kwenye magari na pikapu isiyowaka, aeleze ugonjwa wake kwa mdomo, "inafanya ngrr, halafu inanyamaza", akatae kununua kipuri kipya, na amsimamie mwanafunzi kichwani akimkumbusha kwamba fundi wake wa zamani alitengeneza kwa nusu bei. Malipo atoe nusu, iliyobaki mwisho wa mwezi, kisha azime simu. Afisa Mteja Mwandamizi, mwenye shahada, kazi yake itakuwa kupiga simu na kuuliza, "Fundi, umefikia wapi?", ili mwanafunzi azoee kujibu "namalizia" wakati kitambaa hakijakatwa. Wote walipwe posho ya mazingira magumu. Eneo mlilochagua linastahili. Tukipata na daladala moja tutashukuru. Jiwe la msingi nalo liwekewe magurudumu, kiongozi asichafue viatu.

Mtasema ardhi ya mjini ni ghali. Ghali kwa nani, ilhali ni ya halmashauri? Na ekari hamsini ni za nini? Ushonaji na umeme wa majumbani hufundishika ghorofani. Magari na kuchomelea ndivyo vibaki chini. Pori lenyewe si la bure: barabara, nguzo za umeme, kisima, mabweni, nyumba za walimu, vyote vinajengwa kwa sababu tu mji haupo. Mtasema kelele. Mji unaokesha na spika za baa hautakufa kwa randa ya umeme inayozimwa saa kumi jioni. Wengine wanahofia vijana wataharibikiwa mjini, hofu ambayo haikukizuia chuo cha fedha, IFM, kukaa Mtaa wa Shaaban Robert, katikati kabisa ya Dar es Salaam.

Hoja yenye uzito ni moja: chuo huvuta mji. Kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mtaa wa Lumumba mwaka 1961, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na leo mji umekizunguka. Lakini hiyo ni kazi ya miongo, na mwanafunzi wa kuchomelea hawezi kuingoja. Kozi yake itakwisha kabla ya geti bovu la kwanza kufika. Tena mji ukishafika, mtagundua eneo limekuwa zuri mno kwa mafundi.

Na hapo ndipo adabu inapotushinda. Kiwanja hamkukosa. Mnaona aibu. Miaka yote mmemtisha mtoto kwamba akifeli ataishia ufundi, na sasa mnaona haya kumweka fundi mbele ya wageni. Hata tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na waajiri kwa jina la huyohuyo fundi, kwa miaka mingi theluthi mbili zimekwenda kwingine, theluthi moja ndiyo ikaja VETA. Mnamla, kisha mnamficha.

Samahani. Kalamu imeteleza, tunairudisha kwenye mstari.

Iwapo kibali cha Afisa Mteja kitachelewa Utumishi, tunaomba mshike zamu nyie wenyewe. Leteni magari yenu yatengenezwe chuoni, mkae kwenye benchi mkisubiri, na jioni mrudi kwa usafiri uliopo. Usafiri uliopo huondoka saa tisa. Ukiwaacha, kuna bodaboda mmoja. Namba yake imeandikwa kwa mkaa kwenye jiwe la msingi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wananchi wa mji wenye stendi tupu