Shikamoo, Ukuta

Mwingereza hujisifu kuwa nyumba yake ni ngome yake. Asichokwambia ni kwamba ngome hiyo ukuta wake una kimo cha kisheria: mita 1 ukipakana na barabara ya magari, mita 2 kwingineko. Ukitaka kuzidisha tofali, peleka maombi na michoro kwa halmashauri, lipa ada, ukae usubiri.

Hapo hatujagusa maeneo ya hifadhi (mitaa inayolindwa kwa usanifu au historia yake), yaliyoletwa na sheria ya mwaka 1967. England peke yake ina takriban 10,000. Humo hata kubomoa kunaombewa ruhusa. Ukuta wa kando ya barabara uliofikisha mita 1 umeshakuwa mzee wa mtaa; mwenye hati ya nyumba anaupa shikamoo na kupita. Akiuangusha kimyakimya, ni kosa la jinai. Na mti unaousukuma huo ukuta? Shina likizidi milimita 75, halmashauri ipewe taarifa wiki 6 kabla hujaupogoa. Mti wenyewe, bila shaka, haukumtaarifu mtu ulipoanza kusukuma.

Wajanja basi hupanda ua wa miti. Kuupanda kwa kawaida hakuhitaji kibali, na unaweza kulipita paa. Jirani aliyenyimwa jua atangoja mpaka ua wa majani ya kijani kibichi mwaka mzima uzidi mita 2, ndipo aushtaki kwa halmashauri, kwa ada, chini ya Sheria ya Tabia Zinazokera Jamii ya mwaka 2003.