Rangi ya Bure Haichuji

Muuzaji wa kanga pale Muheza aliapa kwa jina la mama yake kwamba ile doti haichuji. Nikailoweka kwenye maji ya chumvi, kama tulivyofundwa na wakubwa zetu, na kulipopambazuka beseni zima lilikuwa bluu na kanga imebaki na kumbukumbu ya bluu. Pembeni, kwenye ndoo, kulikuwa na shati la shule la binti yangu lenye doa la zambarau kifuani. Lililowekwa, likafikichwa, likasuguliwa kwa brashi, likakamuliwa. Maji yalitoka meupe pe. Zambarau ilikuwa pale pale, haijahama hata uzi mmoja.

Tangu hapo nimeacha kubishana na maumbile. Rangi uliyoilipia hutoroka usiku uleule. Uliyopewa bure hujenga nyumba na kuoa.

Tuseme haki: kiwanda cha nguo kina mitambo, kina mvuke, kina wataalamu wa kemia na dawa za kushikisha rangi. Mzambarau hauna hata mlinzi. Mtoto anapanda, anatikisa tawi, anajaza mfuko wa kifuani, ule ambao mwalimu alisema ni wa kalamu, kisha anashuka kwa kuteleza na tumbo. Anapofika chini kazi imekwisha, tena rangi imeingia mbele na nyuma ya kitambaa, na hakuna mvuke uliotumika.

Siri iko kwenye pamba yenyewe. Uzi wa pamba hupenda maji, na chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo huingia nayo. Zambarau nayo imejaa tanini, kile kitu kinachoukausha ulimi na kuufanya ukwaruze ukila ndizi mbichi au bibo. Tanini hiyohiyo ndiyo inayosindika ngozi. Kule Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati yaliyopandwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake, ili ngozi ya ng'ombe igeuke kiatu. Sasa kitu chenye uwezo wa kumgeuza ng'ombe kuwa soli, mimi nimetumwa kupambana nacho kwa kipande cha sabuni ya mche. Na sabuni ya mche, kwa doa la namna hiyo, mara nyingi hulikazia badala ya kulitoa. Kwa hiyo kila nilipokuwa nikisugua kwa hasira, nilikuwa nikimsaidia adui kupigilia misumari.

Zambarau angalau ina ujasiri, inajionyesha. Utomvu wa mgomba ni mnafiki. Unaingia kwenye nguo hauna rangi, mtoto anarudi nyumbani msafi, unampongeza mbele ya wenzake, shati linafuliwa, linaanikwa, linapigwa pasi. Ndipo doa linapochomoza. Hewa imekuwa ikilipika taratibu, na sasa ni kahawia iliyokolea, lina ukingo mweusi, limeshuka kutoka begani hadi ubavuni kufuata njia iliyopita ndizi alipokuwa akiibeba. Ukimuuliza, anakuapia kwamba hilo doa halikuwepo, na kwa bahati mbaya anasema kweli. Nyumbani kwangu sheria ni moja: mtoto hana hatia mpaka afuliwe.

Uani kwetu kila mlango una mtaalamu wa madoa, na hakuna anayesubiri kuulizwa. Ukianika nguo yenye doa, wanakuja wenyewe, mmoja mmoja, wanaishika kwa vidole viwili, wanaigeuza, wanatikisa kichwa.

"Hili la nini, shoga?"

"La bibo."

"Aa, basi pole. La bibo halitoki mpaka msimu wake uishe."

Wanaondoka wameridhika, wamekuachia doa na tarehe ya kusubiri.

Mtaalamu wa ndani ni baba watoto. Yeye ana dawa moja kwa maradhi yote: maji ya moto. Kitinda mimba wetu alichubuka goti, akajifuta damu kwa upindo wa fulana, jambo ambalo kwake ni huduma ya kwanza. Nilikuwa sokoni. Niliporudi nikakuta baba mtu amesimama juu ya karai, birika mkononi, na uso wa mtu aliyeokoa familia. "Nimeshaiua," akaniambia.

Kweli alikuwa ameiua, na ameizika humo humo. Damu ni protini, ndugu yake yai. Moto hautoi yai kwenye sufuria, hulikaanga. Damu mbichi ukiiwahi kwa maji ya baridi inakwenda zake kwa amani, hata sabuni haiombi. Ukiimwagia maji ya birika inaganda ndani ya uzi na kuwa sehemu ya nguo. Maziwa vilevile, na yai vilevile, na ule uji wa lishe uliotiwa maziwa ambao watoto hula zaidi kwa kifua kuliko kwa mdomo. Ile fulana sasa ina ramani ya nchi isiyojulikana. Baba watoto anasema haionekani ukisimama mbali.

Manjano yalikuja na sikukuu. Gauni la Idi, jeupe, la lesi, na mchuzi wa samaki wa nazi uliokolea manjano barabara. Tone lenyewe lilikuwa dogo, la njano ya kupendeza. Nikalipaka sabuni, na mbele ya macho yangu njano ikageuka nyekundu. Jirani aliyekuwa akichambua mchele akaruka: "Mtoto kaumia wapi?" Watoto wote watatu wakapangwa mstari wakakaguliwa vichwa na vidole. Hakuna aliyekuwa na jeraha. Manjano ndivyo yalivyo: yakikutana na kitu chenye alkali, na sabuni ina alkali, hugeuka mekundu, ukiyatilia ndimu yanarudi njano. Walimu wa sayansi huyatumia kupimia asidi na besi. Mimi nilikuwa nimefanya jaribio la maabara juu ya gauni la Idi bila kibali cha wizara.

Na dawa yake, baada ya heka heka zote hizo, ikawa ni kutofanya kitu. Mama mkwe akaja, akalisuuza gauni, akalitandaza juani likiwa bichi, akarudi zake kivulini na mkeka wake. "Manjano hayaliwezi jua, mwanangu." Mwanga wa jua kweli huivunja ile rangi. Kufikia jioni doa lilikuwa limefifia, na baada ya kuanikwa tena likawa limekwisha. Jua halikudai chochote, na mama mkwe naye hakudai chochote, isipokuwa kuisimulia habari hiyo katika kila msiba na kila harusi hadi leo.

Lakini doa la nyumbani kwetu hasa, lile lenye hati ya kuishi Muheza, ni la udongo. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichoshika kutu. Unafaa kwa michungwa, na kwa magoti ya suruali haufai hata kidogo. Jirani wa mlango wa kwanza, ambaye imani yake yote ameiweka kwenye chupa ya jiki, alilichukua shati la kifungua mimba wangu kwa nia njema kabisa. "Nipe mimi, nitakuonyesha." Akalimiminia. Tukasubiri. Jiki inalishinda doa kwa kulivamia na oksijeni. Lakini kutu ni chuma ambacho kimeshavamiwa na oksijeni zamani, huwezi kuitisha kwa kitu inachokula kila siku. Lile doa likabaki na wekundu wake, limezidi hata kutulia. Kilichotoka ni nembo ya shule.

Jirani hakukata tamaa. Akaenda jikoni, akarudi na ndimu. "Tunaichanganya humu humu, zisaidiane." Hapo mama mkwe aliinuka kwenye mkeka kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona tena. Na alikuwa na haki. Jiki ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo majeshi yaliifungulia adui kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ua wetu una milango sita, kuku, na bibi mmoja mwenye pumu. Hauhitaji vita vya dunia kwa ajili ya shati la darasa la nne.

Ndimu peke yake, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa jibu. Shati likasuuzwa hadi harufu ya jiki ikaisha kabisa, likakamuliwa ndimu penye doa, likanyunyiziwa chumvi, likalazwa juani. Asidi ya ndimu hukishika kile chuma na kukitoa ndani ya uzi. Doa likafifia, likafifia, likaondoka. Tulishangilia. Kisha dada mmoja wa pale uani, kwa upendo, akatusaidia kulianika. Akalianika kwenye waya wa chuma. Jioni tulilianua likiwa jeupe, safi, na mstari wa kutu umenyooka kutoka bega hadi bega, kana kwamba umepigwa kwa rula.

Wino wa peni nao una mila zake. Maji hayautishi, huogopa spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Unaweka kitambaa kikuukuu chini ya doa, unagusa kwa pamba kutoka pembeni kuja katikati, wino unashukia kwenye kitambaa. Ukiacha kuweka kitambaa, unashukia mgongoni mwa shati, na doa la kifuani linapata mdogo wake.

Na spiriti hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote duniani. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza aitwaye William Perkin, umri miaka 18, alikuwa kwenye maabara yake ndogo nyumbani kwao London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Sisi wa Muheza tunaojua malaria ni nini tunamwombea heri kwa nia hiyo. Kwinini haikupatikana, alipata tope jeusi. Alipokuwa akiisafisha chupa kwa spiriti, akaona imetoka rangi ya zambarau safi, iliyoshika kitambaa na kukataa kutoka. Mama wa Muheza asingempa nafasi hiyo: chupa ingeshasuguliwa kwa majivu kabla hajarudi kuitazama. Perkin akalipeleka doa lake kiwandani, akatajirika, na ndivyo rangi za kutengenezwa zilivyoanza biashara. Binti yangu amegundua zambarau ileile, tena bila chupa, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na mkataba.

Kwa madoa yasiyotoka kabisa tuna bluu ya kufulia, kifuko kidogo kinachochovywa kwenye maji ya kusuuzia. Haitoi doa lolote. Inalidanganya jicho: njano ikitiwa ubluu kidogo huonekana nyeupe. Nimeipenda kwa uaminifu wake huo wa kutokuahidi kitu. Na ikishindikana hata hiyo, nguo inashuka daraja: kutoka kwa kifungua mimba kwenda kwa wa kati, kutoka kwa wa kati kwenda kwa kitinda mimba, kila mmoja akiongeza sehemu yake. Kitinda mimba anapoivaa, doa la bega si lake, la kifua si lake, la mkono si lake. Yeye kachangia upindo tu, lakini anayepigiwa kelele njiani ni yeye.

Ndiyo maana nilikwenda kwenye kikao cha wazazi nikiwa na ajenda. Nilitaka kujua ni nani aliyekaa akafikiri, akaamua kwamba mtoto wa miaka saba, kwenye udongo mwekundu, chini ya mizambarau, avae shati jeupe. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama nikawaeleza kwamba katika karne ya 19 wanajeshi wa Kiingereza kule India walizitia sare zao nyeupe rangi ya vumbi mapema, na ndiyo hiyo tunayoiita kaki. Jeshi zima lenye mizinga lilisalimu amri kwa vumbi; sisi tunawapeleka watoto. Wazazi wakaguna. Nikaona wananielekea, nikaongeza mfano wa ukutani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tazama madarasa haya. Juu mmepaka nyeupe, chini mmepaka rangi ya udongo, kwa kuwa mnajua chini kutachafuka. Ukuta haukimbii, haupandi miti, hauli zambarau, na bado mmeuonea huruma. Mtoto je?"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti, mzee wa watu, mwalimu mstaafu, akayasubiri yaishe. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, umesema vizuri sana. Sasa tazama sare. Juu shati jeupe, chini kaptula na sketi ya bluu. Mtoto naye tulishampaka zamani, kama ukuta. Ajenda inayofuata, choo."

Ukumbi ukaangua kicheko, na walionipigia makofi ndio waliocheka zaidi. Jibu nilikuwa nalo ulimini, lakini walishahamia kwenye choo na mchango wake: ukuta, mheshimiwa, haujifuti kamasi kwa mkono wa shati.