Msindano ni wa Kike: Kilatini kwa Wenye Vitalu

Kabla hujanunua miche Njombe, ijue kwanza jinsia ya mti. Msindano ni wa kike. Mlingoti nao ni wa kike, hata uwe mnene namna gani.

Usitishike. Majina ya kisayansi hufuata sarufi ya Kilatini, lugha yenye jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na isiyo huku wala kule. Jina la kwanza ni nomino. La pili mara nyingi ni kivumishi, nacho hutii nomino yake. Aliyekua na kiti kikubwa na mti mkubwa anaujua utii huo tangu utotoni, ila Kilatini hubadilisha mkia wa neno badala ya kichwa. Pita shambani uone: alizeti ni Helianthus annuus, parachichi ni Persea americana, kiazi mviringo ni Solanum tuberosum.

Wengi huteleza wakifika kwenye mbao. Msindano uliojaa milima hii, ambao mbao zake hupakiwa Makambako, ni Pinus patula. Jicho likiona -us litadai “patulus”. Likatalie! Warumi walihesabu miti mingi kuwa ya kike hata jina lake likiishia -us, kama sisi tusemavyo kijana mrefu, kamwe si “kijana kirefu”. Kwa desturi hiyohiyo mlingoti mmoja ni Eucalyptus saligna. Mwingine ni Eucalyptus grandis, na grandis haibadiliki kwa kiume wala kwa kike.

Muwati, unaolimwa Njombe kwa ajili ya magome yake tangu enzi za ukoloni, ni Acacia mearnsii. Hapo usihangaike na jinsia: mearnsii si kivumishi, ni jina la Edgar Mearns, na maana yake ni “ya Mearns”. Liache lilivyo. Na herufi kubwa ni ya jina la kwanza tu. Hata americana huanza kwa ndogo.

Mkulima anayeomba “mlingoti” anaweza kupewa mti wowote kati ya kadhaa, na akivuka mkoa atasikia unaitwa mkaratusi. Kivumishi ndicho kinachomwambia anapanda upi, na mti ukishasimama miaka kumi, kosa halirekebishiki kwa kalamu. Wenye vitalu, andikeni majina yote mawili kwenye kila kibao, na mkia wa kivumishi uwe sahihi.