Jinsi ya Kupoteza Kiwanja kwa Saini Moja

Mwongozo huu ni wa Mtanzania aliye ughaibuni, mwenye kiwanja Kigamboni, mdogo wake asiye na shughuli maalumu, na imani kubwa. Kama huna kimojawapo, kitafute kwanza. Mdogo wa namna hiyo hapatikani kwa shida.

Anza kwa kupuuza maana ya hati yenyewe. Hati ya uwakili ni karatasi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa jina lako: kusaini, kupokea fedha, kuuza, hata kushtaki. Akisaini yeye, umesaini wewe. Hilo usilitafakari. Ukilitafakari utaanza kuchagua mtu, na kuchagua ndiko kunakoharibu mambo.

Kisha jifariji kwamba mdogo wako hataweza kufanya lolote zito kwa kuwa hakusoma sheria. Wengi hudhani wakili ni lazima awe na joho. Kwa Kiarabu tulikolitoa neno, wakili ni yeyote aliyekabidhiwa jambo la mwenzake, awe na joho au kaptula. Waingereza nao attorney wao walimtoa Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa mtu aliyeteuliwa, basi. Katika shina lile lile la Kiarabu tumepata wakala anayekutolea pesa kibandani, Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar, na kutawakali. Hilo la mwisho ndilo tunalolihitaji hapa: saini kwa kutawakali, mengine mwachie Mungu na mdogo wako.

Kwenye uandishi, epuka hati maalumu, ile inayotaja namba ya kiwanja, kitalu, kazi moja na tarehe ya kukoma. Hizo ni za watu wenye roho ya korosho. Wewe andika ya jumla: afanye lolote kuhusu mali zangu zote, zilizopo na zitakazokuwapo, popote zilipo. Hapo kwenye "zitakazokuwapo" umemkabidhi hata gari ambalo hujalinunua. Usitaje bei ya chini ya kuuzia, wala akaunti ambayo fedha zitaingia, wala kwamba akuulize kwanza. Undugu hauandikwi, bwana.

Mkeo usimshirikishe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, kwa hiyo ukimgusia tu ataanza maswali.

Shahidi asikusumbue. Ubalozini kuna foleni na ada. Mwite rafiki mliyekuwa naye kwenye nyama choma, aweke saini. Hati ya uwakili inayogusa ardhi iliyosajiliwa ilipaswa kufika kwa Msajili wa Hati, naye angeikataa ile yenye harufu ya pilipili, lakini mnunuzi mwenye haraka hafiki huko.

Sasa subiri ujumbe. Utakuja jioni, na utaanza kwa adabu: "Shikamoo kaka. Nondo zimepanda, fundi anasubiri." Jibu marahaba, tuma hela. Usiombe picha. Ukiletewa picha, usiulize kwa nini msingi wa mwezi huu una mwembe nyuma yake na wa mwezi uliopita ulikuwa na mnazi. Usimtume mtu mwingine akachungulie; utaonekana humwamini ndugu yako, na shangazi watalisikia.

Siku ukishtuka, usifute hati kwa maandishi. Kasirika tu. Mtoe kwenye grupu la familia, mseme msibani, mkatie salamu. Hayo yote hayafuti kitu. Benki, Msajili na wanunuzi wanahitaji taarifa ya maandishi kwamba umemvua mamlaka, na mpaka waipate, yeyote aliyeamini ile hati kwa nia njema anaweza kukubana nayo wewe mwenyewe.

Limebaki moja, na hili halina utani. Hati hii kwa kawaida hufa na aliyeitoa. Matanga yakianuliwa, mdogo mtu hana tena cha kusaini kwa niaba ya marehemu, hata karatasi ikiwa na mihuri yote ya Dar es Salaam. Anayetaka kugusa kile kiwanja aende mahakamani na cheti cha kifo, aombe usimamizi wa mirathi, na mjane awe na nafasi ya kumpinga.