Mheshimiwa, Tunaomba Jina

Kwa Mheshimiwa Rais wa Tume ya Ulaya,
Jengo la Berlaymont, Brussels.

Mheshimiwa Mama,

Naomba uniwie radhi kwa kuthubutu kukuandikia. Najua mezani kwako kuna vita, gesi na ushuru wa magari. Mimi nakuja na nukta moja na herufi mbili tu: .eu.

Nianze kwa pongezi. Kikoa cha .eu, yaani mkia wa anwani za tovuti za Ulaya, kina bawabu makini. Kanuni ya 2019/517, iliyopitishwa kabla hujashika kiti, imetaja bayana wanaoruhusiwa kusajili jina humo: raia wa nchi mwanachama popote anapoishi, mkazi wa nchi mwanachama hata kama si raia, na kampuni au taasisi iliyoanzishwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Norway, Iceland na Liechtenstein nao wamo. Sisi wengine tupo nje, na hilo halina ubishi. Nyumba ni yenu, na mlango ni wenu.

Kinachonikosesha usingizi, Mheshimiwa, ni kutaka kujua bawabu huyo anakagua nini hasa.

Watangulizi wako walikutana na suala hili mapema. Tarehe 7 Desemba 2005, kabla umma haujaruhusiwa, wenye alama za biashara walifunguliwa dirisha lao ili majina yao yasinyakuliwe. Busara tupu. Ila kampuni moja ya Austria, Internetportal und Marketing, iliisoma busara hiyo kwa makini kuliko walioiandika. Ilikwenda Sweden ikasajili alama ya &R&E&I&F&E&N&, kwa ajili ya mikanda ya usalama. Kanuni za wakati ule ziliruhusu vialama visivyoweza kukaa kwenye jina la kikoa viondolewe. Viondoe vile vya &, na mkononi unabaki na reifen, yaani matairi kwa Kijerumani. Kampuni ikapewa reifen.eu kwa heshima zote za mwenye alama. Mikanda yenyewe haikuwa na mpango wa kuiuza, bali ilitaka tovuti ya matairi. Tena haikuishia hapo: ilikuwa na maneno ya kawaida 33 yaliyosajiliwa Sweden kwa mtindo huohuo, na maombi ya majina 180. Ilipofika tarehe 3 Juni 2010 ndipo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoeleza kwamba mazingira yote ya jambo kama hilo yanafaa kuangaliwa katika kupima nia mbaya. Hati zilikuwa safi muda wote huo. Bawabu alikuwa amekagua hati.

Kisa cha lensworld.eu ni ndugu wa hicho. Kampuni ya Marekani, isiyo na sifa ya kuingia, iliipa kampuni ya ushauri ya Ubelgiji mkataba ulioitwa leseni ya alama yake ya biashara. Kazi ya leseni hiyo ilikuwa moja tu: Mbelgiji asajili jina kwa niaba ya Mmarekani. Mahakama ikasema mwaka 2012 kwamba aliyeruhusiwa kusajili jina pekee, bila ruhusa ya kuitumia alama yenyewe kibiashara, hawezi kuhesabiwa kuwa mwenye leseni. Nawapongeza majaji. Sijui niwapongeze vipi mawakili walioubuni mkataba ule, maana nao ni mafundi.

Kisha Waingereza wakaamua kuondoka. Machi 2018 Tume yako ikatangaza kwamba wenye majina ya .eu walioko Uingereza watapoteza sifa, na majina yaliyoguswa yalikuwa takriban laki tatu. Mwanzoni mwa 2021 yaliyobaki yakasimamishwa, na tarehe 1 Januari 2022 yakafutwa na kuachiwa yeyote mwenye anwani inayofaa. Waliokuwa na binamu huko Ulaya, au fedha za kufungua kampuni ya karatasi, walihamisha anwani. Hata Leave.EU, kampeni iliyopigania kutoka kwenye Umoja, ilihamishia usajili wake Waterford, Ireland. Mapenzi ya aina hiyo kwa Ulaya, Mheshimiwa, si ya kubezwa.

Sasa naomba unisikilize kwa hili moja. Mfanyabiashara wa karafuu wa Pemba anaruhusiwa leo kupeleka ombi la kusajili alama yake ya biashara kwenye Ofisi ya Haki Miliki ya Umoja wa Ulaya kule Alicante. Atalipa euro 850 kwa daraja moja la bidhaa, na likikubaliwa alama yake italindwa miaka kumi katika nchi zote wanachama. Hakuna atakayemuuliza uraia. Lakini akiomba jina lilelile mbele ya .eu, ataambiwa hana sifa. Ina maana Umoja uleule unamtambua kuwa mwenye jina, halafu unalitunza jina hilo kwa ajili ya mtu mwingine yeyote mwenye anwani ya Paris.

Mtu huyo akilichukua, Mpemba wetu anaweza kulalamika kwenye mahakama ya usuluhishi ya Prague, na huko sheria yenu ni ya ukarimu. Inatosha kuthibitisha ama kwamba aliyelichukua hana haki wala maslahi halali, ama kwamba ana nia mbaya. Haimlazimu kuthibitisha yote mawili, kama anavyotakiwa anayelalamikia majina ya .com. Basi ashinde. Kwa kuwa hana sifa ya .eu, jina halihamishiwi kwake, linafutwa tu. Likishafutwa linarudi sokoni, na wa kwanza kulidaka atakuwa tena na anwani ya Paris, au safari hii ya Milan. Tutampigia makofi mshindi wetu.

Najua wasaidizi wako watakunong'oneza kwamba .eu ni bendera, si duka. Wana haki. Lakini Kanada nayo ina bendera, yenye jani kubwa katikati, na bado .ca humruhusu mgeni mwenye alama iliyosajiliwa Kanada kuchukua jina lenye neno lilelile la alama yake, si jingine. Australia hufanya vivyo hivyo, na tangu Aprili 2021 inadai jina lifanane kabisa na alama.

Ombi langu, basi, ni kwamba alama iliyosajiliwa Alicante kwa neno fulani impe mwenyewe sifa ya neno hilo tu kwenye .eu. Na kama hilo ni zito, jina lililofutwa kwa malalamiko ya mwenye alama lisirudishwe sokoni wakati alama yake ingali hai. Marekebisho ya namna hiyo hayazidi aya mbili, na makarani wako ni hodari.

Nakuomba radhi tena kwa kukupotezea muda, na nabaki,

Wako mtiifu, asiyekidhi vigezo,
Dar es Salaam.